Uzito wa Gololi Arobaini

Jumatatu 8 Mei
Baridi imeingia. Asubuhi bomba la uani lilikuwa limeganda, nikaomba maji kwa Célestine, mwenye saluni hapa chini. Akaniambia, "Dada Zabibu, meno yako yanagonga kama ile mashine yako." Nimecheka peke yangu mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani za Bertrams.

Daftari la nane hili, kurasa 96.

Jana Mayasa kapiga simu kutoka Cape Town. Rafiki zake chuoni wanataka kujua mama yake anafanya nini hasa. Nikamweleza: naendesha kinu. Kwenye kopo la chuma natia gramu nane za unga wa magnesi na gololi arobaini za chuma, nafunga ndani ya sanduku la glavu lenye gesi ya agoni, maana magnesi haipatani na hewa. Kinu kinazungusha kopo mara mia nne kwa dakika. Robo saa kusaga, robo saa kupumzika, mpaka zitimie saa ishirini za kusaga. Inatoka poda nyeusi inayokunywa hidrojeni kama sifongo inavyokunywa maji, ikipashwa moto inaitema. Siku moja magari yatatembea nayo. Akasema, "Okay, Ma." Nimemsomesha kwa Kiingereza, ananijibu kwa Kiingereza. Nilichopanda ndicho nilichovuna.

Poda namba 27 imetoka leo. Gololi arobaini: kabla 163.11, baada 163.09. Zimepungua gramu 0.02. Kawaida.

Kupima gololi nimerithi. Baba alikuwa na mashine ya kusaga nafaka Muheza. Kila mwezi alifungua nyundo, akaziweka kwenye mizani. "Kilichopungua hapa," alikuwa akisema, "watu wamekila." Mwaka wangu wa kwanza hapa maabara nilichora safu ya uzito wa gololi kwenye kitabu cha kazi. Daktari Marcelline, mkuu wa maabara, akaipiga mstari mwekundu: "Mama, hapa si duka la unga." Tangu siku hiyo naandika huku. Miaka sita sasa.

Maneno niliyosema leo, ukiondoa ya kazi: 31.

Alhamisi 11 Mei
Mgao wa umeme mara tatu. Kinu kimesimama mara tatu. Maneno 12.

Jumatatu 15 Mei
Nimegombana na Exaucé. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mwanafunzi wa uzamivu, ana mke na mtoto kwao Bukavu, na hajui kwamba kinu hakipigwi kofi kikikwama. Mimi namwita Bwana Grafu. Kazi yake kuchora mistari kutokana na poda ninayosaga mimi, kisha anasimama mbele ya watu anasema "poda yangu".

Nikamwambia, "Hicho kinu si punda, bwana."

"Mama, hii kinu yako iko na kichwa nguvu, sawa wewe tu."

Wote maabara wakacheka. Nikarudi kwenye mizani yangu.

Mageti kumi na saba ya mitaa ya Bertrams na Troyeville nimeyachomelea mimi kabla sijapata kazi hii. Hakuna hata moja lenye jina langu. Poda hizi nazo, makala nne zimechapishwa. Kwenye shukrani mwishoni wameandika "mafundi". Wingi! Mafundi ni mimi peke yangu.

Jumatano 24 Mei
Mpira wa mfuniko wa kopo la Ujerumani umepasuka. Wanasema mwingine utafika baada ya wiki sita au zaidi. Wageni wa kukagua mradi wanakuja tarehe 7 Juni. Daktari kashika kichwa: "Sasa tutafanya je?"

Nikamwambia nitakereza kopo jipya mwenyewe.

"Utaweza?"

Miaka sita, ananiuliza nitaweza.

Jumapili 28 Mei
Nimeshinda karakana ya Mselem, Mzanzibari wa mtaa wa pili anayetengeneza gearbox. Kanipa kipande cha ekseli ya lori na mashine yake ya kukereza, mwenyewe kaenda msikitini kisha kwa shemeji yake kula. Nimekereza kutwa. Kopo limetoka safi, ukuta wa milimita nane, mfuniko unakaa bila kucheza. Chuma ni laini kuliko cha Kijerumani, lakini hakivuji. Uzito: gramu 1,184.36.

Mselem aliporudi alilizungusha mkononi. "Zabibu, hili ungelifanyia sufuria ya biriani." Nimefurahi zaidi ya inavyostahili. Jioni kwangu nikapika kikombe kimoja cha wali, sufuria ikaona mlaji ni mmoja.

Ijumaa 2 Juni
Naandika haraka, na naandika kwa sababu najua nimekosea.

Fundi yeyote wa mashine ya kusaga kwetu anajua sheria hii: ukifunga nyundo mpya au chekeche jipya, kwanza unapitisha pumba. Pumba inabeba chembe za chuma na mafuta ya kiwandani, inatupwa, hata kuku hapewi. Ndipo unasaga mahindi ya mtu. Makopo haya nayafanyia vilevile. Kopo jipya nalisagia kwanza magnesi ya kutupwa kwa saa tano. Ile magnesi inajibandika ukutani na kwenye gololi kama plasta, na baada ya hapo chuma hakiliki tena.

Leo sikupitisha pumba. Nilihesabu: ratiba ya mgao inaniachia saa 43 mpaka Jumapili. Kazi inataka 40 pamoja na mapumziko. Pumba ingekula 10. Daktari alikuwa mlangoni: "Mama, kesho kutwa, kesho kutwa!" Nikatia poda ya kweli moja kwa moja kwenye kopo jipya. Namba 31. Ndiyo ya kwanza yenye kipimo kipya cha kichocheo cha Daktari, cha kuharakisha poda inywe: niobiamu, asilimia mbili. Zamani walitia moja.

Baba angekuwa hai angenitoa mashineni.

Jumatatu 5 Juni
Nimeosha kopo langu na gololi zake, seti mpya, kwa siki mpaka mapovu yakaisha, nikasuuza kwa spiriti, nikakausha. Kabla 163.21, baada 163.12. Kopo: kabla 1,184.36, baada 1,184.21. Jumla gramu 0.24. Mara kumi na mbili ya kawaida!

Gramu 0.24 ndani ya nane ni asilimia tatu. Nimewasagia watu chuma. Nikangoja nifokewe.

Saa nane Exaucé katoka mbio chumba cha vipimo, koti halijafungwa. Poda kwa kawaida inachukua dakika kumi na nane kunywa hidrojeni ya kutosha. Namba 31 imechukua nne.

"Dakika ine, Mama! Ine!"

Akanikumbatia. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunikumbatia. Nikabaki nimenyoosha mikono kama gogo, glavu bado nimevaa.

Jumatano 7 Juni
Wageni wamekuja, wamekula sambusa, wamepiga picha na Daktari na chupa ya niobiamu. Mmoja kaniuliza choo kiko wapi.

Jumamosi 10 Juni
Maneno sita, yote kwa mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani.

Jumatano 21 Juni
Siku fupi kuliko zote na leo ndiyo nimeitwa ofisini.

Daktari Marcelline alikuwa amefungua kompyuta. "Keti, Mama Zabibu. Angalia hapa." Makala juu ya namba 31. Majina manne: lake, la profesa mmoja wa Pretoria, la Exaucé, na la nne: Zabibu Mhando. Si kwenye shukrani. Juu, chini ya kichwa.

"Bila ile kopo hatungemaliza," akasema. "Ile minajua. Sisi wote tulifika hapa na begi moja."

Sikujua atokako. Kumbe baba yake alikuwa fundi wa migodi Lubumbashi, na yeye kaanza hapa kwa kusuka watu nywele Yeoville, akisoma usiku. Miaka sita namwona wa juu tu.

Nilipofika nyumbani nikafungua ukurasa wa 5 Juni. 0.24. Nikaufunga. Mtu anaweza kuwa na niobiamu asilimia mbili na chuma asilimia tatu ndani ya poda moja, na kukisifu kilicho kidogo badala ya kilicho kikubwa.

Sikusema. Nimemtumia Mayasa picha ya jina langu. Kanitumia kidole gumba.

Jumatatu 10 Julai
Theluji! Watu wameacha kazi wanapiga picha Braamfontein. Nimesimama dirishani. Hewa ni kavu mno, kila nikigusa kinu napigwa shoti. Namba 32 imeanza, niobiamu ileile asilimia mbili. Mpira umefika, tumerudi kopo la Ujerumani. Langu nimelifungia kabatini, limepakwa grisi.

Alhamisi 13 Julai
Namba 32: dakika 17. Gololi zimepungua 0.02.
Exaucé kasema ni mgao. Nikasema labda.

Jumatatu 24 Julai
Namba 33: dakika 19. Zimepungua 0.02. Mgao haukuwapo wiki nzima.

Jumatatu 14 Agosti
Namba 36: dakika 18. 0.02.

Waliopewa makala waikague wamejibu: wanataka namba 31 irudiwe mara tatu. Daktari amefunga mlango, lakini ukuta ule ni wa mbao.

"Exaucé, unapima ovyo. Ao mara ya kwanza ulipima ovyo, ao sasa. Chagua!"

"Daktari, mimi minapima vilevile."

"Basi ni nani? Ni hewa? Ni Mungu?"

Katoka kapita mbele yangu hakuniangalia. Nilikuwa na gololi mkononi, nikajitia nahesabu. Ziko arobaini. Ziko arobaini siku zote.

Jumamosi 26 Agosti
Nimekwenda maabara kuchukua miwani niliyoisahau. Exaucé alikuwa pale peke yake, amevaa kofia ya sufu, mkate mkavu mezani, kinu kinazunguka. Ameanza namba 37 mwenyewe, bila kunisumbua. Nimesikiliza kinu: sauti nzuri, gololi zinaanguka sawa. Amejifunza. Hakuna aliyemwambia kwamba amejifunza.

Alikuwa akiongea na mtoto wake kwa simu, kwa Kiswahili cha kwao, polepole, akirudia. Kisha akaniambia, "Anaongea muzuri, Mama, kuliko mimi. Sijamuona miaka tatu. Minamuambia Papa anamaliza sasa hivi."

Nikasema, "Utamaliza." Nikachukua miwani.

Njiani nikahesabu. Neno moja.

Jumatatu 4 Septemba
Namba 37: dakika 18. 0.02.

Ijumaa 15 Septemba
Joto limerudi ghafla, mijakaranda ya Troyeville bado mikavu. Daktari kamwambia Exaucé mbele yetu sote: mpaka mwisho wa mwezi, namba 31 isiporudi, ataandika kwa idara kwamba vipimo vyake haviaminiki. Maana yake uzamivu wake umekwisha. Maana yake Bukavu, bila kitu.

Na mimi jina langu litabaki, kwa sababu mimi sipimi kunywa kwa hidrojeni. Mimi ninasaga tu. Daktari kanipitia baadaye akaniambia taratibu: "Wewe usiogope, Mama. Yako iko safi."

Jumatatu 18 Septemba
Nimesema.

Nilingoja saa nne, chai. Daktari alikuwa na kikombe, Exaucé ameinamia kompyuta. Nikatoa kopo langu kabatini, nikaliweka mezani, grisi na yote. Nikasema:

"Namba 31 ilisagwa humu. Si kwenye la Kijerumani."

Daktari akasema, "Ile tunajua. Kopo ni kopo."

"Kopo si kopo, Daktari. Hili ni chuma laini, na sikulipitishia pumba."

Ikabidi nieleze pumba. Nikaeleza Muheza, nikaeleza nyundo za Baba. Exaucé akainua kichwa taratibu kama mtu anayesikia jina lake mbali.

"Kopo na gololi zilipungua gramu 0.24," nikasema. "Ziliingia kwenye poda. Asilimia tatu. Si niobiamu iliyofanya kazi. Ni chuma."

Kisha Exaucé: "Chuma tuliiona, Daktari! Kwenye mashine ya miale, ile kilima kidogo ya grafu. Tukasema ni ya kawaida, kila kinu iko nayo."

Daktari aliweka kikombe chini. Alinitazama mimi. "Unajua hii tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu jana.

"Kupima, tangu tarehe tano Juni. Kuelewa, tangu ishirini na moja."

"Tarehe nilikuonyesha jina lako."

"Ndiyo."

"Miezi mitatu, Mama Zabibu. Minamkanyaga huyu mtoto wa watu miezi mitatu, na wewe unahesabu gololi."

Nikasema, "Safu ya uzito wa gololi uliipiga mstari mwekundu mwenyewe." Ni kweli, na haikunisaidia. Aliinuka akatoka. Exaucé alibaki. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Akavuta kopo karibu, akapitisha kidole ndani ukutani palipochubuka.

"Iko mbaya sana, Mama, ile ulinifanya," akasema. Halafu: "Tunaweza kusaga leo?"

Leo sikuhesabu maneno.

Jumatano 27 Septemba
Nimelikereza tena kopo ndani kwa Mselem, ukuta mpya, chuma kitupu. Hakuna pumba. Na niobiamu hatukutia hata chembe: magnesi, gololi, kopo langu, basi. Namba 38. Exaucé kakaa na mimi saa zote, tumepokezana. Kanifundisha kusoma grafu yake. Mstari ukipanda wima, poda inakunywa.

Gololi na kopo zimepungua 0.22.

Dakika tano.

Hakunikumbatia. Kasema tu, "Voilà," akaketi sakafuni.

Ijumaa 29 Septemba
Daktari kaita kikao cha watu watatu. Makala inaondolewa. Itaandikwa nyingine, juu ya chuma, kuanzia mwanzo, mwaka mzima au zaidi. Barua juu ya Exaucé haitaandikwa. Barua juu yangu itaandikwa: onyo, kwa kuficha taarifa. Jina langu kwenye makala mpya italiamua idara itakapomaliza kuniuliza. Sikubisha. Hesabu yake ni sahihi.

Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Namba 38 inaonyesha chuma inaweza. Haionyeshi kwamba namba 31 ilikuwa chuma. Watauliza: uzito wa Juni umeandikwa wapi?"

Nikasema umeandikwa.

"Kwenye kitabu cha kazi?"

"Kwenye daftari langu. Nyumbani."

"Lilete Jumatatu."

Exaucé akauliza, "Mama, si ni namba tu?"

Nikasema si namba tu.

Daktari akanitazama, na nadhani alielewa, kwa sababu sauti ilishuka. "Picha ya ukurasa moja haitatosha. Watasema umeiandika jana. Wanataka kitabu nzima, na tarehe zake, zikifuatana."

Jumapili 1 Oktoba
Radi ya kwanza asubuhi hii, halafu mvua ya kweli, matone mazito kwenye bati la saluni. Célestine katoka nje na rola kichwani anapiga vigelegele. Hewa inanuka udongo. Kesho maabara itakuwa na unyevu. Poda zote zifungwe mara mbili.

Tangu saa mbili usiku niko mezani na wembe. Nimehesabu kurasa za kukata. Ni kumi na tisa. Za Bwana Grafu, za kidole gumba cha Mayasa, za maneno sita, za wali wa kikombe kimoja. Zikitoka, zitabaki 77, na mtu yeyote anayejua kuhesabu atauliza 19 ziko wapi, na swali hilo likishaulizwa, 0.24 haina thamani tena. Namba inasimama kwa sababu ya jana yake na kesho yake. Siwezi kuwapa gramu bila kuwapa siku.

Wembe nimeurudisha bafuni.

Basi mtasoma. Exaucé, ya tarehe 15 Mei sikufuta, na hata sasa kinu hakipigwi kofi. Ya 26 Agosti isome mara mbili. Daktari, ile safu naomba irudi kwenye kitabu cha kazi, kwa wino wako. Walioko idarani siwajui. Mtakutana humu na mwanamke anayehesabu maneno yake. Lisiwashughulishe, angalieni safu ya uzito. Mayasa hajui kwamba nahesabu, na asiambiwe.

Nilimpigia simu mchana. Nikamwambia makala yenye jina langu imeondolewa na kwa nini imeondolewa. Mvua ikasikika pande zote mbili. Kisha akasema kwa Kiswahili, kibovu, cha mtu anayetafuta kila neno mfukoni: "Mama, kopo lako ni lenye nguvu." Nikamwambia hapana, ni laini, ndiyo maana.

Daftari hili, kurasa 96, zote zimo. Nimelipima jana kwa mizani ya Mselem: gramu 214. Likirudi nitalipima tena.